Majani ya bluberi kugeuka manjano na matunda kuwa chachu

SWALI: Bluberi nilizopanda zina mwaka wa tatu sasa. Majani machanga yamegeuka manjano ilhali mishipa yake imebaki ya kijani, na matunda niliyochuma yalikuwa chachu ingawa yalishapata rangi ya buluu. Nimekuwa nikitia samadi na majivu bila nafuu yoyote. Nifanye nini?

JIBU: Tafadhali acha kutia majivu mara moja. Majani yako hayalilii mbolea; yanaonyesha kwamba udongo umepungukiwa na tindikali, na majivu, sawa na chokaa, huzidi kuipunguza. Bluberi hustawi katika udongo wenye pH (kipimo cha tindikali: namba ikipanda, tindikali imepungua) ya kati ya 4.5 na 5.5, na pH ikipanda kupita hapo, madini ya chuma hubaki udongoni katika hali ambayo mizizi haiwezi kuyafyonza, hata yawe tele namna gani. Mtaalamu wa mimea wa Marekani, Frederick Coville, alilieleza hitaji hilo la tindikali tangu mwaka 1910, na inasikitisha kwamba miche mingi bado huuzwa bila mnunuzi kuambiwa.

Pima udongo kwanza. PH ikiwa imezidi kidogo, tia unga wa salfa, ukijua kwamba bakteria wa udongoni ndio wanaoigeuza kuwa tindikali na kwamba kazi hiyo huchukua miezi. Udongo ukiwa na chokaa nyingi kiasili, ni heri uhamishie miche kwenye vyungu vikubwa. Badala ya samadi tumia salfeti ya amonia, kidogo kidogo, kwa sababu mizizi ya bluberi ni myembamba, haina vinyweleo na haiendi chini sana, hivyo huungua upesi na hukauka upesi. Ifunike kwa matandazo ya magome ya msonobari yenye unene wa sentimita 8 hivi.

Kuhusu uchachu, ulichuma mapema mno. Tunda hupata rangi ya buluu siku kadhaa kabla ya kuiva, na likishachumwa haliongezi utamu. Chunguza pale linaposhikana na kikonyo: ukiona wekundu, liache. Lililoiva huachia lenyewe na kudondoka kiganjani ukilisukuma taratibu kwa kidole gumba. Matunda ya kishada kimoja hayaivi pamoja, kwa hiyo rudia kuchuma kila baada ya siku chache, wala usifute ule utandu mweupe ulio juu ya ganda, kwani ni nta inayolikinga tunda lisinyauke.