Mgonjwa Akisema "Nna Mawazo": Ushauri kwa Wanaofundisha Udaktari

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikifundisha wanafunzi wa udaktari na maafisa wa kliniki hapa Mombasa namna ya kutambua na kutibu magonjwa ya akili. Mwalimu mwenzangu anayeanza kazi hii akiniuliza aanzie wapi, humwambia aanze kwa kumzoesha mwanafunzi kuandika maneno ya mgonjwa jinsi yalivyotoka kinywani mwake, kabla hajayageuza kuwa Kiingereza.

Katika matawi mengine ya tiba daktari ana picha ya eksirei, ana damu iliyopimwa, ana uvimbe anaoweza kuugusa kwa mkono. Katika tawi letu ugonjwa hujitokeza zaidi katika mazungumzo na katika namna mtu anavyokaa na kutazama. Mwanafunzi husoma vitabu vya Kiingereza na kufanya mtihani kwa Kiingereza, kisha huketi mbele ya bibi wa Majengo au mvuvi wa Kisauni anayezungumza Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho, naye huandika faili lake kwa Kiingereza. Hapo katikati anafanya kazi ya ukalimani ambayo hakuna aliyemfundisha, na makosa mengi ya utambuzi niliyoyaona yalitokea hapo hapo, wala si kwa sababu mwanafunzi hakusoma kitabu.

Kuna neno moja ambalo mwanafunzi atalisikia siku yake ya kwanza katika wodi yoyote, hata ya wagonjwa wa kisukari: mawazo. "Nna mawazo, daktari." Mtu aliyefiwa juzi husema hivyo, na aliyepoteza kazi bandarini, na anayeamka saa tisa za usiku akitamani kufa. Wanafunzi wengi huliandika kuwa msongo, wakaendelea na ukurasa unaofuata. Mimi huwataka wasimame hapo. Mawazo hayo yalianza lini? Yanakuja na kuondoka, au yapo kutwa nzima? Chakula kina ladha? Jambo lililokuwa likimfurahisha, iwe ni kufuma, kutazama mpira au kwenda arusini, bado lamfurahisha? Ili tuiite sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, dalili zinatakiwa ziwe zimedumu angalau wiki 2, karibu kila siku, na ziwe zimemharibia mtu kazi yake au maisha yake ya nyumbani.

Tena mara nyingi neno hilo halitajwi kabisa. Mama huja akisema "moyo wanipapa", au "mwili wanichoma", au kwamba kuna kitu kinamtambaa kichwani, akapimwa malaria, akapimwa homa ya matumbo, akapewa dawa ya maumivu na kurudishwa nyumbani, na baada ya mwezi akarudi tena. Hojaji ya kupima sonona yenye maswali 9, ijulikanayo kama PHQ-9, ambayo kila swali lake hupewa alama 0 hadi 3 na jumla yake kuu ni 27, inasaidia sana, nami huifundisha. Hata hivyo, nimewaona wanafunzi wakiisoma mbiombio kama karani wa sensa huku mgonjwa akijibu "hapana" mara tisa kwa sababu ya haya. Kwanza mwamkie, keti, uliza habari za watoto, kisha hojaji itajijaza nusu yake kabla hujaishika.

Neno ambalo mimi hukaa nalo muda mrefu kuliko yote ni wasiwasi, kwa sababu hapa pwani lina maana ambayo mwanafunzi aliyekulia bara huenda hajawahi kuisikia. Aliwahi kuletwa kijana wa miaka ishirini na kitu na mamake, ambaye alieleza kwa sentensi moja tu: "Mwanangu ana wasiwasi." Mwanafunzi aliyempokea aliandika kwamba ana ugonjwa wa hofu, akapendekeza diazepamu, dawa ya kutuliza. Nilimwomba arudi akamwombe mama amsimulie asubuhi moja ya kijana huyo, tangu adhana ya alfajiri. Ndipo tuliposikia kwamba alikuwa akitawadha mara kumi na zaidi kwa sala moja, kila mara akihisi kwamba kisigino hakikupata maji au kwamba udhu umetenguka, hata waumini msikitini wakamaliza sala ya jamaa yeye bado yuko birikani, na ngozi ya mikono yake ilikuwa imeanza kuchubuka.

Huo ndio wasiwasi ambao wazee wetu na masheikh wanauzungumzia, na kitabibu ni ugonjwa wa fikra zinazojilazimisha na vitendo vya kurudiarudia. Uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika Januari 2022 umeutenganisha na magonjwa ya hofu na kuupa kundi lake, na tiba yake ina njia yake pia. Diazepamu humtuliza mtu kwa saa chache, nayo ikiendelea humfanya mtegemezi. Kijana wa aina hii anahitaji dawa kama fluoksetini, mara nyingi kwa kiwango cha juu kuliko kile cha sonona, na kwa subira ya wiki 8 hadi 12 kabla ya kusema kwamba haikufaa. Anahitaji pia mafunzo ya kuikabili fikra ile bila kuitii, hatua kwa hatua, akianza na jambo dogo. Hapa sheikh anayeaminiwa na familia anaweza kuwa msaada mkubwa, kwa kuwa kanuni ya fikihi isemayo kwamba yakini haiondolewi na shaka inaelekea upande ule ule ambao sisi tunamvutia mgonjwa: umeshatawadha, shaka iliyokuja baadaye usiifuate. Nimeona mgonjwa akikataa neno hilo kutoka kwangu na kulipokea kutoka kwa aliyemsomesha Kurani. Mwanafunzi anayeona masheikh wote kuwa wapinzani wa hospitali hujinyima mkono huo.

Neno jingine, "amechanganyikiwa", nilijifunza uzito wake kwa kosa langu mwenyewe, nami huwasimulia wanafunzi kila mwaka. Mzee mmoja aliletwa usiku na wanawe, waliosema kwamba amechanganyikiwa tangu alasiri, anatukana na hawatambui wajukuu zake. Mwanafunzi aliyekuwa nami aliandika saikosisi, yaani ugonjwa wa akili unaomtenga mtu na uhalisia, nami, kwa kuwa wodi ilikuwa imejaa na nilikuwa nimechoka, nilitia sahihi agizo la sindano ya haloperidoli, dawa ya saikosisi, bila ya kumchunguza mzee yule mwenyewe. Alilala, sote tukadhani ametulia. Muuguzi wa zamu ndiye aliyemtoboa kidole, akakuta sukari iko chini ya milimoli 2 kwa lita, kiwango cha hatari. Mzee alikuwa akimeza glibenklamidi ya kisukari na siku hiyo hakuwa amekula, na kama muuguzi yule hangekuwa makini, tungempoteza akiwa amelala kwa amani mbele ya macho yetu. Dawa hiyo hushusha sukari kwa muda mrefu, kwa hivyo ilibidi awekewe glukosi ya mshipa na kupimwa tena na tena hadi siku ya pili.

Kwa hiyo "amechanganyikiwa" katika kliniki yangu ni swali, na mwanafunzi haruhusiwi kulijibu kabla ya kupima sukari, joto, mpigo wa moyo, hewa ya oksijeni na malaria. Hali iliyoanza ghafla, ndani ya saa au siku chache, inayobadilika mchana na usiku, na inayomfanya mtu ashindwe kushikilia fikra moja, ni deliriamu hadi ithibitishwe vinginevyo, na chanzo chake kiko mwilini: maambukizi, dawa, ini, figo, au pombe iliyokatwa ghafla. Mnywaji wa mnazi wa kila siku aliyelazwa kwa kuvunjika mguu, akaanza siku ya tatu kutetemeka na kuona wadudu ukutani, hakupandwa na kitu chochote; anahitaji diazepamu, maji na vitamini B1, nayo vitamini hiyo apewe kabla ya glukosi.

Vitabu humtaka mwanafunzi apime umakini kwa kumwambia mgonjwa atoe 7 katika 100 na kuendelea kushuka. Bibi ambaye hakupelekwa shule ataanguka mtihani huo akiwa na akili zake timamu. Mimi huwafundisha waombe siku za wiki kinyumenyume, na badala ya kuuliza tarehe ya leo waulize ni mwezi gani wa Kiislamu kwa anayeufuata, na sala gani iliyoadhiniwa mwisho. Mzee anayejua kwamba alasiri imeshapita anajua alipo katika siku.

Kuhusu sauti nitasema machache. Mwanafunzi huuliza "Je, wasikia sauti?" na mgonjwa hujibu "Ndiyo, nakusikia." Uliza kama kuna watu wanaomsemesha ilhali wengine waliopo hawawasikii, na wanasema nini. Vilevile, mtu kusema kwamba ana jini au amefanyiwa sihiri si dalili ya ugonjwa peke yake, kwa kuwa hiyo ni lugha ya mtaa mzima. Waulize jamaa zake kama wao pia wanaona hivyo. Jamaa wenyewe wakisema "haya ayasemayo hata sisi hatuyaelewi", hapo sikiliza kwa makini zaidi.

Swali la kujiua ndilo wanafunzi wanaloliogopa, na wengi huniambia wanahofia kumtia mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Kuuliza hakupandi wazo hilo; mara nyingi humpunguzia mtu mzigo alioubeba peke yake. Lakini mtu aliyelelewa kujua kwamba jambo hilo ni haramu atajibu "astaghfirullahi" hata kama kamba ameshainunua, na kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha sheria ya jinai ya Kenya kilimtishia kifungo pia, hadi Mahakama Kuu ilipoamua Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Basi panda ngazi polepole. Umechoka na maisha? Umewahi kulala ukiomba Mungu asikuamshe? Umefikiria kujitoa roho mwenyewe? Kwa njia gani? Hicho kitu kiko nyumbani sasa hivi? Wanafunzi wangu hufanyishana mazoezi ya maswali haya wawili wawili hadi sauti iache kutetemeka, na hili halina njia ya mkato.

Mwanafunzi asipojua Kiswahili vizuri, au mgonjwa anapokuwa anazungumza Kigiriama au Kidigo tu, atafutwe mkalimani asiye wa nyumba moja na mgonjwa. Mkwe hawezi kutafsiri swali la ndoa.

Tiba nayo huharibika kwa kutoelezwa. Fluoksetini ya miligramu 20 huchukua wiki 2 hadi 4 kabla ya mgonjwa kuhisi nafuu, na asipoambiwa hivyo ataitupa siku ya tano. Akishapona anapaswa kuendelea kwa miezi 9 hadi 12, na asipoambiwa hilo ataiacha siku atakayocheka tena. Amitriptilini ya miligramu 25 usiku, ambayo huandikwa sana, kwa kawaida humsaidia mtu kulala tu bila kuigusa sonona yenyewe, na ikimezwa kwa wingi huua kwa kuvuruga moyo, hivyo mwenye mawazo ya kujiua asipewe ya mwezi mzima mkononi. Anayetumia litiamu, dawa ya kutuliza hali ya moyo inayopanda na kushuka kupita kiasi, aonwe kabla ya Ramadhani, kwa kuwa upungufu wa maji katika joto letu huipandisha dawa hiyo katika damu, na dawa za mara mbili kwa siku zipangwe kufuata futari na daku.

Haloperidoli kwa kijana wa kiume yaweza, ndani ya siku chache za mwanzo, kumpinda shingo, kumgeuza macho juu na kumtoa ulimi. Familia ambayo haikuonywa huona jini limepanda kwa hasira ya dawa, ikamchukua na asionekane tena kliniki. Hali hiyo hutulia upesi kwa sindano ya dawa ya kulegeza misuli iliyokakamaa, nasi tunayo benzheksoli ya vidonge ya kuendelea nayo. Sentensi mbili za onyo siku ya kwanza zingemzuia mgonjwa huyo asipotee.

Kwa hiyo mtihani wangu wa mwisho wa zamu hauna karatasi. Mwanafunzi huketi na mgonjwa wa kweli na mama yake, kwa ridhaa yao, akawaeleza ugonjwa, dawa, madhara yake na siku ya kurudi, bila neno lolote la Kiingereza, kisha humwomba mama arudie alivyoelewa. Alama ninazitoa kwa yale aliyoyarudia mama. Akikwama neno, humruhusu kutoka nje, si kufungua kamusi, bali kwenda kumuuliza muuguzi wa wodi au mgonjwa aliyelazwa kitanda cha pili wao hulisemaje, na mara nyingi hurudi na neno ambalo mimi mwenyewe naliandika daftarini.