Ameacha pombe kwa ajili ya Ramadhani, sasa anatetemeka

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mume wangu amekunywa kila siku kwa miaka 12. Usiku wa vunja jungu alimaliza bia tano, akatubu, na tangu hapo hajagusa. Leo tuko funga ya pili: mikono inatetemeka mpaka uji wa futari unamwagika, anatoka jasho, halali, na jana usiku aliona wadudu ukutani. Mama mkwe anasema ni jini, asomewe. Rafiki zake wanasema azimue kidogo. Je, aendelee kufunga? Na aswali ya nini kama sala haikubaliwi siku 40?

JIBU: Wa alaykumu s-salaam, binti yangu. Kabla ya hukumu yoyote, mpeleke mumeo hospitali sasa hivi, usingoje adhana ya magharibi. Si jini, wala si dalili kwamba toba yake imekataliwa. Ni mwili uliozoea pombe ukanyimwa ghafla, na hali hiyo inaweza kuua.

Pombe hupoza ubongo. Kwa mnywaji wa kila siku, ubongo hujizoeza kujichangamsha kupita kiasi ili usilemewe. Pombe ikitoka, uchangamfu ule hubaki bila cha kuuzuia. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina takriban gramu 20 za alkoholi, na ini huondoa kama gramu 7 hadi 10 kwa saa. Chupa zake tano zilikwisha mwilini kabla ya jua la funga ya kwanza kupinduka. Mtetemeko huanza ndani ya masaa 6 hadi 24 tangu glasi ya mwisho, kifafa mara nyingi kati ya masaa 12 na 48, na kuweweseka kwenyewe, yaani homa, moyo kwenda mbio, mtu hajui yuko wapi, kuanzia siku ya pili hadi ya nne. Anayeona wadudu ukutani ameshaingia njia hiyo.

Mwambie daktari ukweli wote: alikuwa anakunywa nini, kiasi gani, na mara ya mwisho ilikuwa lini. Wapo wanaoficha kwa aibu, mgonjwa akaishia kutibiwa malaria. Kwa kawaida atapewa diazepam, dawa ya kuutuliza ubongo, dozi ikipunguzwa siku hadi siku, na vitamini B1 kabla ya dripu ya glukosi. Glukosi ikitangulia humaliza akiba ndogo ya vitamini hiyo iliyobaki, na ubongo huweza kuharibika jumla. Dawa hizi kwa mkono wa daktari ni halali kwake, lakini usimnunulie mwenyewe dukani. Akishikwa na kifafa njiani, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu yake, na mtu asimtie kijiko mdomoni.

Kusomewa ni kheri, msomeeni humo humo garini. Nachokataa ni kumchelewesha.

Kuzimua, hapana. Swahaba Tariq bin Suwayd alipomwambia Mtume (s.a.w.) kwamba anatengeneza pombe kwa ajili ya dawa, alijibiwa kuwa hiyo si dawa bali ni ugonjwa, na hadithi hiyo ameipokea Imamu Muslim. Ruhusa ya dharura katika Al-Baqara 173 ni ya asiye na njia nyingine, na nyinyi njia mnayo. Aliye mbali kabisa na tiba, roho yake ikiwa hatarini, hukumu yake ni nyingine: kiasi cha kumfikisha hospitali tu.

Afungue sasa, anywe maji kama anameza vizuri. Mgonjwa ameruhusiwa katika Al-Baqara 184, naye atalipa siku hizo baada ya Idi akipona. Fidia haimhusu, kwa kuwa ugonjwa wake ni wa kupona.

Na hadithi ya siku 40 imekatwa katikati na waliomsimulia. Mwisho wake unasema akitubu, Mwenyezi Mungu humpokelea toba yake. Wanavyuoni wameeleza kuwa kutokubaliwa ni kukosa thawabu, faradhi yenyewe haimwondokei hata siku moja. Kwa hiyo aswali, hata kwa kukaa au kulala. Akiwa haelewi anachosema, asubiri, kama ilivyo katika An-Nisaa 43, na akili ikimrudia alipe zilizompita, moja baada ya nyingine kwa mpangilio wake.