Mita ya sola ikipotea kwenye mfumo wa nyumba, anza na waya

Kwa wiki mbili, kila ikigonga saa sita mchana, mita yangu ya sola ilikuwa inapotea kwenye simu. Mahali pa namba panatokea neno moja: haipatikani. Ikifika saa saba kasorobo inarudi yenyewe. Huo ndio muda jua la Kigamboni linawaka kuliko saa zote, na ndio muda ninaozitaka zile namba, maana ndizo zinazotuambia nyumbani kama tuwashe pasi na mashine ya kufulia sasa hivi au tungoje.

Mfumo wenyewe si mkubwa. Paneli ziko juu ya bati, inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani) iko ukutani, haina betri, inafanya kazi sambamba na umeme wa TANESCO, na umeme ukikatika nayo inazima. Kati ya inveta na ubao wa breka kuna mita ndogo ya Eastron SDM120. Mita inapeleka namba zake kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo, yenye Home Assistant, programu ya kusimamia vifaa vya nyumbani, kwa Modbus, lugha ya mashine za viwandani iliyoanza 1979, ikipita kwenye nyaya mbili tu, A na B, hadi kwenye adapta ya USB.

Ushauri wangu wa kwanza: kabla hujafungua kompyuta, nenda kasimame mbele ya mita. Soma kioo chake. Kama kinaonyesha volti 230 hivi na wati zinapanda na kushuka wingu likipita, mita ni nzima na inapima. Tatizo liko kwenye njia. Mimi sikufanya hivyo. Nilikaa usiku wa siku tatu nabadilisha faili la mipangilio lisilo na kosa lolote.

Ukitoka hapo, tazama taa za adapta. Taa ya kutuma ikimemeta na ya kupokea ikabaki kimya, maana yake kompyuta inauliza na hakuna anayejibu. Kama mita haijawahi kujibu hata mara moja, jaribu kubadilishana A na B. Watengenezaji hawakubaliani ipi iitwe A, kwa hiyo A ya mita inaweza kuwa B ya adapta, na kuzigeuza hakuunguzi kitu. Halafu hakikisha kasi ya mawasiliano na anwani (namba ya kuitambulisha mita) vinalingana pande zote mbili. SDM120 hutoka kiwandani ikiwa na kasi ya 2400 na anwani 1, wakati mifano mingi ya mipangilio unayoikuta mtandaoni imeandikwa 9600.

Hapa lazima niseme jambo zito. Tundu za A na B ziko sentimita chache tu kutoka zinapoingia nyaya za volti 230. Zima swichi kuu, zima na inveta, kisha pima kwa tester kabla hujagusa bisibisi. Kumbuka pia kwamba nyaya zinazoshuka kutoka kwenye paneli zina umeme muda wote jua likiwapo, hata ukizima kila kitu. Kama huna uzoefu, mwite fundi mwenye leseni ya EWURA.

Lakini mita yangu ilikuwa inajibu vizuri asubuhi na jioni. Basi si A na B, wala si kasi. Makosa hayo hayachagui saa. Kilichonionyesha njia ni kuweka grafu mbili moja juu ya nyingine: ya mita, na ya swichi ya pampu ya kisima. Pampu tumeipangia iwake saa sita kamili, ili itumie jua. Pengo la mita lilianza pale pampu inapowaka na kuisha pale inapozima, siku zote kumi na nne.

Nikampigia fundi aliyefunga. "Fundi, nyaya za pampu umezipitisha wapi?"

"Humo humo kwenye paipu ya waya wa mita, kaka. Ilikuwa na nafasi."

Tulipofungua tukakuta na jambo la pili. Waya wa mita ni ule wa mtandao wenye jozi nne zilizosokotwa, na A ilikuwa imechukuliwa kwenye jozi ya bluu, B kwenye jozi ya kahawia. Kusokotwa kule kuna kazi. Nyaya mbili zilizosokotwa pamoja hupokea kelele ya umeme kwa kiasi kinachokaribiana, na kwa kuwa kifaa husoma tofauti kati ya A na B, kelele inajifuta. Ukizitenganisha kwenye jozi mbili, kinga hiyo umeiondoa.

Kabla ya kuchimba ukuta tulijaribu. Tukatandika waya wa muda sakafuni, ukakatiza sebuleni, A na B zikiwa kwenye jozi moja. Tukawasha pampu. Namba hazikukatika. Hapo ndipo tuliponunua paipu mpya, tukaiweka kama sentimita 30 kutoka ile ya pampu, na pale zinapolazimika kukutana zinakatizana kama msalaba. Waya mmoja wa jozi nyingine tuliufunga kwenye tundu la G, yaani ardhi ya mawasiliano. Rezista ya ohmu 120 ya kufungia mwisho wa waya, ambayo wengi huikimbilia kwanza, sikuiweka. Kwa mita 18 za waya na kasi ndogo vile haikuhitajika.

Jambo jingine lililonisumbua, hili dogo: umeme ukikatika na kurudi, mita haisomeki kabisa. Nina adapta mbili za USB, na kompyuta ikiwaka upya huweza kubadilishana majina, ttyUSB0 ikawa ttyUSB1. Tumia jina refu lililo ndani ya /dev/serial/by-id, halibadiliki.

Na tafadhali, kwenye ukurasa wa nishati wa Home Assistant weka kilowati-saa zinazosomwa kutoka kwenye mita yenyewe, usizikokotoe kutoka kwenye wati. Mita inaendelea kuhesabu hata mawasiliano yakikatika, na yakirudi jumla inakuja kamili. Kama jumla imeganda kwenye sifuri huku wati zikisomeka na alama ya kutoa, umeme unapita mita kwa upande wa pili. Soma rejista (sehemu ya kumbukumbu ya mita) ya umeme unaotoka, ambayo kwa SDM120 ni namba 74, badala ya 72. Ukishabadilisha, ngoja hata saa mbili kabla hujagusa tena, kwa sababu takwimu za ukurasa ule hukusanywa kwa saa.

Zile wiki mbili za mapengo, nilipojumlisha, hakuna hata uniti moja ya sola iliyopotea kwenye hesabu ya mwezi.