Kuweka jina la @ lisiloharirika ndani ya kisanduku cha maandishi

Mkuu, kama unataka jina lililotajwa kwa @ likae katikati ya sentensi bila mtu kuingia ndani na kulichokonoa, achana na textarea, kile kisanduku cha kawaida cha kuandikia kwenye HTML. Ile inabeba maandishi matupu tu. Tumia div (boksi la HTML) yenye contenteditable="true", yaani inayoruhusu kuandikwa ndani, halafu jina liweke ndani ya span (kipande cha HTML kinachokaa ndani ya mstari) yenye contenteditable="false", yaani isiyoharirika.

Kazi yenyewe iko kwenye kishale cha kuandikia. Span ikiwa ya mwisho kwenye mstari, Chrome mara nyingi hukosa pa kukiweka, kinapotea na mtumiaji anabaki kubofyabofya. Dawa ya kienyeji ni kubandika herufi isiyoonekana, U+200B, mara baada ya span. Ila uichuje kabla ya kutuma kwenye seva, la sivyo utatafuta maneno kwenye hifadhidata usiyaone na macho unayo. Na mtu mtambue kwa namba yake iliyowekwa kwenye sifa ya data-id ya ile span, maana majina hubadilishwa.

Mradi ukiwa mkubwa, mimi nisingejitesa na haya kwa mkono. Zipo maktaba za kujengea vihariri: ProseMirror ina atom: true kwenye nodi (kipande cha hati), Slate ina isVoid pamoja na isInline, zote za kufanya jina liwe kitu kimoja kisichoharirika, na sehemu kubwa ya maudhi ya kufuta jina kwa Backspace yameshatatuliwa humo.