Mwanangu, Shosho hakufanya kazi ya bure

Mwanangu mpendwa,

Uliniuliza Jumapili, simu ikakatika kabla sijajibu: mbona Shosho, mama yangu, aliwahudumia wagonjwa wa Ukimwi kwetu Mutuini miaka yote ile bila kulipwa hata senti, na hawa wahamasishaji wa afya unaowasimamia huko Makueni wananung'unika posho ikichelewa kidogo? Nimeona nikuandikie, maana jibu lake si la simu. Tena wewe ndiwe uliyebeba jina lake. Sipendi jina hilo litumike kuwachapia watu.

Niseme hili kwanza. Hao wenu walipwe, na walipwe kwa wakati. Mwaka 2023 serikali iliwapa cheo kipya, zaidi ya watu 100,000 nchi nzima, ikawakabidhi begi lenye mashine ya presha, kipimo cha sukari na simu ya kujazia taarifa. Mtu aliyepangiwa nyumba kama mia moja za kuzungukia, juani na matopeni, huwezi kumwambia akale moyo wake mwema. Watoto wake nao wanataka chakula cha jioni.

Lakini kuhusu Shosho umekosea. Unasema alifanya bure. Nimekuambia tangu ukiwa mdogo, hakuna kazi ya bure. Ipo tu kazi ambayo aliyeilipia hajatajwa.

Wewe unaijua Mutuini ya maghorofa na malori ya kokoto. Ile niliyokulia mimi ilikuwa Nairobi kwenye ramani tu. Mipaka ya jiji ilisogezwa mwaka 1963 ikatumeza sisi watu wa Dagoretti, nasi tukaendelea kulima: mahindi juu, sukuma wiki karibu na nyumba, nduma bondeni, na nepia, zile nyasi za ng'ombe, popote pengine palipobaki. Babu yako alipofariki (yale ya ndugu zake na hati ya shamba unayajua, siyarudii), Shosho alibaki na kipande kile, ng'ombe wawili wa gredi, na sisi. Maziwa ndiyo yaliyotusomesha. Aliyauza nyumba kwa nyumba, asubuhi na jioni, na kila mteja alikuwa na mstari wake kwenye daftari.

Kazi ya wagonjwa haikuanza kwa kusajiliwa popote. Kijana wa jirani alirudi kutoka kazini mjini akiwa amekonda, na mama yake alikuwa mzee asiyeweza kumgeuza kitandani. Shosho akaenda kumgeuza. Kesho yake akaenda tena. Mafunzo ya kanisani yalikuja baadaye. Rais Moi alipotangaza Ukimwi kuwa janga la taifa mwishoni mwa 1999, Shosho alikuwa na nyumba zake za kuzungukia kitambo. Dawa za kupunguza makali zilikuwepo duniani, lakini bei yake haikuwa ya watu wa kwetu. Sheria iliyofungua njia ya kuleta za bei nafuu ilipita Bungeni mwaka 2001, na katika hospitali za umma zikaja kutolewa bure mwaka 2006. Hebu fikiria walioanguka katikati hapo. Yeye alikuwa na Septrin, tembe za kuzuia magonjwa nyemelezi, akizipata, maji ya chumvi na sukari, uji, na maziwa. Glavu zikiisha alivaa mifuko ya plastiki mikononi, ile iliyopigwa marufuku mwaka 2017, akaikaza kwa mpira kwenye vifundo.

Sasa njoo mwaka 2000. Mvua ilikuwa imekataa. Maji ya mabwawa ya Mto Tana yakapungua, stima ikawa ya mgawo, jiji zima likarudi kwenye mishumaa na koroboi. Wamaasai waliswaga ng'ombe wao mpaka barabara za mjini kutafuta nyasi. Nepia yetu ikawa vijiti. Ng'ombe mmoja akakauka kabisa, yule mwingine akatoa maziwa ya kuhurumiwa. Ndipo uvumi ukaanza kwamba mikono inayoosha wagonjwa ndiyo inayokama. Ilikuwa ni ujinga, Ukimwi hauambukizwi kwa kikombe cha maziwa, lakini siku zile watu walikuwa wanazika kila Jumamosi na woga ulikuwa umewatawala.

Nilikuwa nimeenda kumsaidia jioni moja, wewe ukiwa mgongoni. Tulifika lango la mama mmoja wa kanisani kwetu, mteja wa miaka. Shosho akampimia kama kawaida, akamjazia sufuria yake, akaongeza lile tone la juu alilomwekea kila mtu. Yule mama akaishika sufuria, akamtazama Shosho usoni, akaimwaga kwenye mtaro. Mtaro ulikuwa mkavu. Maziwa yakabeba vumbi, yakatambaa yakiwa na ngozi ya kijivu juu, mbwa wa jirani akaja kulamba. Mwaka ule, mwanangu! Watoto wakinywa chai ya rangi!

Mimi nilishataka kupiga kelele. Shosho akanishika mkono. Akamwambia yule mama, kwa sauti yake ile ile ya kila siku, "Nilishakupimia. Hayo uliyomwaga ni yako. Nilipe."

Yule mama akaingia ndani, akatoka na sarafu, akazitupa chini. Shosho akachutama, akaziokota moja moja, akazipangusa kwa leso, akazihesabu pale pale mbele yake. Kisha akainuka akamnyoshea mkono: "Umezidisha shilingi. Chukua."

Ninapoandika haya nimetabasamu peke yangu, na hapo hapo damu inanichemka. Lile lango halipo tena, pamesimama ghorofa lenye duka la M-Pesa chini, lakini nikipita hapo naharakisha. Yule mama hakununua kwetu tena, na upande wote ule wa barabara ukamfuata, nyumba baada ya nyumba. Mistari ya daftari ikawa inaishia katikati ya ukurasa.

Ndipo tunafika kwa mjomba wako. Alikuwa kidato cha pili. Alirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, na akakaa. Mimi na baba yako tulitoa tulichokuwa nacho, hakikutosha. Wakati huo huo Shosho alikuwa bado anatenga maziwa ya wagonjwa kila siku, kabla ya kupima ya kuuza. Nilimwambia. Nilimwambia jikoni, moshi umejaa, mjomba wako yuko nje anakatakata nepia na anasikia kila neno. Nikamwuliza kama wale wana haki kuliko mtoto wake. Akajibu bila kugeuka, "Huyu ana mwaka mwingine. Wale hawana."

Nimelibeba jibu hilo mpaka leo na sijui nilitue wapi. Mjomba alirudi shule mwaka uliofuata, akarudia darasa na wadogo zake, na ile hamu aliyokuwa nayo ya hesabu haikurudi naye. Alimaliza kidato cha nne kwa kujikokota. Huyo ndiye aliyelipia, mwanangu. Jina lake halikutajwa kwenye vyeti vya shukrani vya kanisa, wala siku ya mazishi ya Shosho, ingawa watu walisimama kushuhudia hadi jua likatua.

Halafu najipinga mwenyewe. Maziwa yale ya kutengwa yalikuwa kidogo, hata yangeuzwa yote yasingefikisha karo mwaka ule wa ukame. Wateja ndio waliotuangusha. Naam, lakini wateja walikimbia kwa sababu ya wagonjwa. Tena, kama angengoja mtu wa kumlipa ndipo amgeuze yule kijana, nani angemgeuza? Na huyu mama anayekuuzia sukuma wiki pale steji ukija nyumbani, anayekuongezea kila mara ukidhani ni ukarimu tu, alikuwa mmoja wa wale ambao "hawana mwaka mwingine." Aliponea chupuchupu mpaka dawa zikafika. Mwenyewe husimulia kanisani kwa kipaza sauti. Amesomesha watoto wake wote.

Nikimtazama huyo mama, nasema Shosho alifanya sawa. Nikimwona mjomba wako akimsaidia mtoto wake na hesabu za gredi ya saba, akimaliza kabla mtoto hajapata kalamu, naacha kusema. Kuna siku nimekaribia sana kutoa hukumu, neno likiwa mdomoni kabisa. Sitaliandika hapa. Alikuwa mama yangu, na huyu ni ndugu yangu, nao waliishi nyumba moja mpaka mwisho bila mimi kuwasikia wakiligusa.

Kwa hiyo wale wa Makueni usiwaambie habari za Shosho. Andika majina yao na miezi wanayodai, upeleke kwa maandishi, ubaki na nakala. Hakuna kazi ya bure, na hao wana watoto wenye karo. Ukitaka kusikia upande wa Mjomba, mwulize mwenyewe, umri unao sasa. Ila usimpigie saa kumi na moja jioni, anakama.

Mama yako.