Muulize Fundi: Uwanja wa kriketi wa kijiji uanzie wapi?

SWALI: Assalaam alaykum, Fundi. Sisi vijana wa Mambrui tunacheza kriketi kwenye kiwanja cha wazi nje ya kijiji. Amejitokeza mfadhili anayetaka kutujengea nyumba ya mawe ya wachezaji, yenye ghorofa na paa la mabati. Kwenye televisheni nimeona viwanja vya vijijini Uingereza vina vijumba vidogo tu vya mbao. Vilianzaje, na sisi tuanze na lipi? (Msomaji, Mambrui)

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. Mshukuru mfadhili, kisha mwombe asubiri. Nimejenga miaka mingi hapa Malindi, na kwa uwanja wa kriketi jengo ndilo la mwisho.

Huko kwenyewe Uingereza ndivyo ilivyokuwa. Kijiji cha Hambledon, jimbo la Hampshire, kilitisha nchi nzima kwa kriketi katika karne ya 18. Uwanja wao, Broadhalfpenny Down, ulikuwa mahali pa wazi kilimani, penye upepo. Ng'ambo ya barabara palikuwa na baa iitwayo Bat and Ball, na mwenye baa, Richard Nyren, ndiye aliyekuwa nahodha. Chakula na mapumziko yalikuwa humo. Mwaka 1777 timu ya Hambledon iliishinda timu ya Uingereza nzima kwa zamu moja ya kupiga na mikimbio (yaani pointi) 168: zamu mbili za wapinzani hazikuifikia zamu yao moja. Wakati huo hata mashine ya kukatia nyasi haikuwapo. Edwin Budding aliibuni mwaka 1830. Nyasi za viwanjani zilipunguzwa na kondoo.

Kinachofanya uwanja uwe uwanja ni pichi, ule ukanda wa katikati ambapo mpira hurushwa na kupigwa: urefu meta 20.12, upana meta 3.05. Hapo hapana mjadala. Umbo la sehemu iliyobaki sheria haikulipanga, ndiyo maana viwanja vya vijijini havifanani. Kimoja kina mteremko, kingine kimebanwa na ukuta wa kanisa.

La pili ni ardhi, na hili nalisema kwa uchungu, maana sisi watu wa pwani tunajua kiwanja kinavyoweza kuamka asubuhi kimezungushiwa ua. Pale Sevenoaks, jimbo la Kent, kuna uwanja uitwao Vine. Mwaka 1773 Duke wa Dorset aliutoa kwa watu wa mji. Hadi leo klabu hulipa kodi ya punje mbili za pilipili manga kwa mwaka, moja ya uwanja na moja ya jengo. Punje mbili! Lakini makubaliano yapo, na kila mtu anajua uwanja ni wa nani. Waulizeni wazee na ofisi ya ardhi kiwanja chenu kimeandikwa kwa jina gani, kabla ya lori la kwanza la mawe kufika.

Sasa jengo. Vile vijumba ulivyoviona vina akili ya ujenzi ninayoiheshimu. Sakafu imeinuliwa kidogo juu ya matofali ili unyevu usipande na mtu aone vizuri. Kuta ni mbao zilizolaliana ili mvua iteleze. Ndani, vyumba viwili vya kubadilishia nguo, kila timu na chake, na ukumbi wa chai katikati. Mbele kuna kibaraza kirefu kinachoutazama uwanja, na hicho ndicho moyo wa jengo: kinafanya kazi ileile ya baraza zetu, watu kukaa, kuona na kuonekana. Baadhi huezekwa kwa nyasi. Uwanja wa Wormsley, uliofunguliwa mwaka 1992 kwa fedha za tajiri Paul Getty, una jengo la paa la nyasi. Tajiri aliyeweza kununua paa lolote alichagua hilo, kwa hiyo msione haya kwa makuti.

Kwenu Mambrui ningefanya hivi. Mchanga wetu haushiki pichi ya udongo, basi mwageni zege lililosawazishwa vizuri, juu yake mtandike mkeka mzito wa makumbi ya nazi. Mikeka ya namna hiyo imechezewa sana Afrika Mashariki. Pichi ielekee kaskazini na kusini, mpigaji asipigwe na jua la machoni jioni. Jengo likae upande wa magharibi. Hapo alasiri jua litakuwa mgongoni mwa watazamaji, na upepo wa bahari utaingia moja kwa moja barazani. Nguzo za mvinje zinatosha, ghorofa ya nini? Paa la makuti liwe na mwinuko mkali, na upenu ushuke mbele kiasi cha meta moja na nusu, maana mvua za kusi hupiga kwa ubavu na daftari la mikimbio halitakiwi kulowa.