Maswali ya Wasomaji: Ruzuku Ndogo kwa Kazi ya Kanisa Mtaani

Barua za safari hii zimetoka Nakuru, Kisumu na magharibi mwa Kenya. Karibu zote ni za makanisa madogo yanayotaka kuhudumia majirani na yamesikia kwamba kuna wafadhili wanaotoa ruzuku za elfu hamsini hadi laki mbili tatu. Tumejibu kwa urefu pale maombi yanapokwama zaidi.

Bwana asifiwe. Tawi letu lina washirika 60 na liko chini ya dhehebu kubwa. Tunataka kuomba ruzuku ya kuwasaidia watoto wa mtaa kwa masomo ya Jumamosi, lakini fomu inadai cheti cha usajili na akaunti ya benki. Cheti chetu wenyewe hatuna. Tuanzie wapi? – Mchungaji, Kaptembwo, Nakuru

Asifiwe sana, Mchungaji. Mna njia mbili. Ya kwanza ni kupitia makao makuu ya dhehebu, ambayo ndiyo kwa kawaida yenye cheti chini ya Sheria ya Vyama, Sura ya 108. Omba nakala ya cheti, PIN ya KRA (namba ya mlipa kodi) ya dhehebu na barua inayosema mambo matatu: kwamba tawi ni lao, kwamba wanaujua mradi wenyewe na si jina lake tu, na kwamba pesa zitaingia akaunti gani. Kabla ya kutuma maombi, andikianeni pesa zikifika makao makuu zitahamishiwa tawini ndani ya siku ngapi, na kama kuna makato. Jambo hili likiachwa kwa mdomo, mradi wa miezi mitatu husubiri pesa miezi miwili, na mfadhili anataka ripoti.

Njia ya pili ni kuunda kikundi cha kijamii na kukisajili chini ya sheria ya usajili wa vikundi vya jamii ya 2022. Mnahitaji wanachama wasiopungua 10. Nendeni ofisi ya Maendeleo ya Jamii katika kaunti ndogo yenu mkiwa na kumbukumbu za kikao cha kuanzisha kikundi, orodha ya wanachama yenye namba za vitambulisho na sahihi, na katiba ya kikundi. Elewa kwamba hapo kinachosajiliwa ni kikundi cha huduma. Kanisa lenyewe halisajiliwi hapo.

Njia yoyote mtakayofuata, jina lifanane herufi kwa herufi kwenye cheti, akaunti na fomu. Tuseme cheti kinasema "Kikundi cha Vijana Neema" na akaunti inasema "Neema Kaptembwo". Mfadhili anayelinganisha karatasi ataweka maombi yenu kando bila hata kufika kwenye mradi. Akaunti iwe na watia sahihi watatu, wawili kati yao watie sahihi kila pesa zinapotoka, na wasiwe mume na mke. Namba ya M-Pesa ya mchungaji, hata awe mwaminifu kiasi gani, isiandikwe kwenye fomu.

Wahariri, maombi yetu yamekataliwa mara mbili, na jibu ni lile lile: bajeti haijafafanuliwa. Tuliandika chakula 20,000, usafiri 15,000, mengineyo 10,000. Walitaka nini zaidi? – Mama mratibu, Nyalenda, Kisumu

Mama, walitaka kuona mlivyofika kwenye 20,000. Kila mstari wa bajeti uwe na idadi, mara ngapi, na bei ya kimoja. Tuchukue mradi wa watoto 40 kwa Jumamosi 12, na bei zifuatazo ni za mfano tu. Kikombe cha uji cha mililita 300 kwa watoto 40 ni lita 12, na kilo moja na nusu ya unga inatosha. Kwa Jumamosi 12 ni kilo 18. Kilo ikiwa 150, ni shilingi 2,700. Sukari kilo moja kila Jumamosi kwa 160 ni 1,920. Madaftari mawili kwa kila mtoto ni 80, kwa 45 ni 3,600. Nauli ya walimu wanne wa kujitolea, 200 kila mmoja kwa Jumamosi 12, ni 9,600. Jumla ni 17,820. Mtu aliye mbali na Nyalenda anaweza kuikagua hesabu hii kwa kalamu, na ndiyo maana ataiamini.

Bei zitoke dukani, zisikisiwe. Pata nukuu za bei kutoka maduka mawili au matatu kwa vitu vikubwa, uziambatanishe. "Mengineyo" ifute kabisa; ukiogopa bei kupanda, andika "dharura, asilimia 5" kama fomu inaruhusu. Weka mstari wa ada za benki na za kutuma pesa, maana pesa zikitoka nje ya nchi benki za njiani hukata, na mnachopokea hupungua.

Kisha onyesha mchango wenu. Ukumbi wa kanisa una thamani: kama mnaukodisha kwa 1,000 kwa siku, Jumamosi 12 ni 12,000. Andikeni pia sufuria, kuni, na saa za walimu. Makanisa mengi hujidharau hapa na kuacha safu hii tupu, ilhali ndiyo inayomwonyesha mfadhili kwamba mradi ni wenu.

Angalia na kalenda. Jumamosi 12 mfululizo zikiangukia likizo ya Agosti, watoto wengi watakuwa wamepelekwa ushago. Na kwa wenzetu wa Ahero na uwanda wa Kano, shughuli ya nje kati ya Machi na Mei ipangiwe mahali pakavu pa kuhamia mto Nyando unapofurika.

Mfadhili mmoja ametuambia pesa zake zisitumiwe kwa mahubiri. Je, tufiche kwamba sisi ni kanisa? – Mzee wa kanisa, Mbale, Vihiga

Msifiche, Mzee. Jina la kanisa liko kwenye cheti, na atakayegundua baadaye kwamba mlificha atawanyima hata pesa zilizobaki. Wapo wafadhili wa kimisheni wanaogharamia injili wazi wazi: vyombo vya sauti, Biblia, semina za viongozi. Wapo wengine wanaogharamia huduma tu. Kanuni za maadili za mashirika ya misaada za mwaka 1994, zinazofuatwa na Msalaba Mwekundu na mashirika mengine mengi, zinakataza msaada kutumiwa kuendeleza msimamo wa kidini. Soma masharti, umchague mfadhili anayefaa kwa kazi husika.

Kwa aina ya pili, andikeni wazi kwamba huduma ni ya kila mtoto, Mwislamu, wa dhehebu lingine au asiye na dini, na kwamba ibada ni saa nyingine na hailazimishwi. Kisha mfanye hivyo kweli. Kumwombea mtoto kabla ya kumpa uji kama sharti la kupata uji ni kuvunja mkataba, na kwa maoni yetu ni kumwonea mtoto pia.

Pesa zimeingia! Lakini tunanunua mboga na kuni kwa akina mama wa soko ambao hawana risiti. Ripoti tutaandikaje? – Mwekahazina, Bungoma

Hongera. Chapisheni vocha ya malipo yenye tarehe, kitu, kiasi, jina na simu ya muuzaji, sahihi yake, na sahihi za watu wawili wa kamati. Mkilipa kwa M-Pesa, taarifa ya malipo ibandikwe kwenye vocha hiyo. Kwa maduka yanayoweza kutoa risiti, daini risiti siku hiyo hiyo; ya kutafutwa mwezi ujao haipatikani. Hakuna pesa za kukopeshana "kidogo tu" kwa harambee au mazishi, hata zikirudishwa Jumatatu, kwa sababu taarifa ya benki inaonyesha. Mkitaka kuhamisha fedha kutoka mstari mmoja hadi mwingine, mwandikieni mfadhili kwanza, msubiri jibu.

Orodha ya mahudhurio ijazwe kila siku, maana ripoti inauliza wangapi walikuja, si wangapi mlitarajia. Na picha: chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, taarifa za mtoto zinahitaji idhini ya mzazi au mlezi. Pateni sahihi kabla ya kupiga, na msiandike jina kamili la mtoto chini ya picha.

Fomu inasema mwisho ni usiku wa manane, saa za London. Huku ni saa ngapi? – Katibu wa vijana, Kakamega

Wakati wa baridi kwao ni saa tisa usiku huku. Wakati wa kiangazi chao ni saa nane usiku. Lakini usingoje hapo. Tuma siku mbili kabla, kwa kuwa stima hupotea na faili kubwa ya picha hukataa kupanda.

Kuna mtu amenipigia akisema tumekubaliwa laki tano, ila tutume 3,500 za kushughulikia faili. – Shemasi, Njoro

Usitume, Shemasi. Mfadhili wa kweli hakudai pesa ili akupe pesa. Mwulize jina la shirika, kisha wasiliana nao kwa anwani uliyoipata mwenyewe kwenye tovuti yao rasmi, si kwa namba iliyokupigia. Kama mmeshatuma, pigieni kampuni ya simu mara moja kuomba muamala urudishwe, halafu mripoti polisi.